Mwitikiaji

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, shamba zima la mkonge la Mkanyeni lilisimama uwanjani kumsubiri mtu mmoja aseme neno moja. Mtu huyo hakuwa meneja wala mnyapara. Alikuwa Eliakunda, Mpare wa Mamba, mtu wa makamo mwenye masikio makubwa na suruali ya mtumba aliyoikunja pindo mara mbili, na neno lenyewe lilikuwa "Tumeitika."

Hamdani, mnyapara mkuu, ndiye aliyetangaza kazi: wakataji leo wapi, waanikaji nyaya zipi, wanawake wa brashi mizigo mingapi. Akimaliza hunyamaza, na Eliakunda huvuta pumzi na kuitika kwa niaba ya wote. Hapo ndipo king'ora kilipolia na watu wakatawanyika. Desturi hiyo ilishuka na wazee wa kwanza waliotoka milimani kuja kukata mkonge. Huko kwao, kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji na kutengeneza njia, anayeita watu lazima awe na wa kumwitikia, la sivyo anaipigia kelele migomba. Wazungu waliikuta, shirika la umma likairithi, na tajiri wa Dar es Salaam aliyelinunua shamba katika siku hizi za ruksa, mali za umma zinapouzwa, akaiacha iendelee, kwa kuwa haikumgharimu hata sumni.

Watu walishasahau kwamba neno lile liliwahi kuwa na maana. Vijana wa kambini walimwita Eliakunda "Ndiyo Mzee". Akipita dukani kununua kipande cha sabuni, mmoja huuliza, "Ndiyo Mzee, leo mvua itanyesha?" na mwingine humjibia kwa sauti nzito, "Tumeitika!" Eliakunda alicheka nao. Aliamini kwamba kundi lenye viongozi wawili halifiki malishoni, na kwamba kazi ya mfuasi ni kufuata. Alikuwa mfuasi mwema, na alijivunia hilo kama mwingine anavyojivunia ng'ombe.

Mkewe, Koleta, alifanya kazi chumba cha brashi. Huko singa za mkonge zikishakauka juani hupelekwa kuchanwa. Mwanamke hushika kishungi cha singa, hukirusha juu ya pipa la chuma lenye meno linalozunguka, hukivuta, hukigeuza, hukirusha tena mpaka kilainike. Pipa halijui singa ni ipi na mkono ni upi. Ndiyo maana ukutani palikuwa na maandishi mekundu: NI MARUFUKU KUFUNGA SINGA MKONONI. Maana iko njia ya kushika singa isiponyoke, nayo ni kuizungushia kwenye kifundo cha mkono kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi mkaidi. Wanawake waliiita kufunga bangili. Mwenye bangili humaliza mizigo yake mapema. Asiye nayo huponyokwa, huokota, huanza upya, na jua linazama kazi haijatimia, na siku isiyotimia haihesabiwi.

Zamani bangili zilikuwa za wasichana wenye haraka. Kisha meneja mpya akaongeza mzigo mmoja, na Eliakunda akaitika. Akaongeza mwingine, Eliakunda akaitika. Hakuna aliyeamrishwa kufunga bangili. Ila baada ya hapo hapakuwa na mwanamke ambaye hakuifunga.

*

Mwamvita ndiye aliyelipia kwanza. Wazazi wake walitoka Kigoma enzi za manamba, vibarua wa mkataba, yeye akazaliwa kambini, na mkono wake wa kulia ulikwenda na pipa asubuhi moja ya kawaida. Ofisini walisema ni uzembe. Maandishi si yapo ukutani? Alipotoka hospitali ya Same aliukuta ujira wake umekatwa na jirani mpya anachungulia chumba chake. Sasa alikaanga vitumbua kando ya uzio wa kiwanda, akigeuza kwa mkono wa kushoto, na Koleta humsaidia kukoroga unga kabla ya kwenda kazini.

"Shemeji," alimwambia Eliakunda siku moja, akimfungia vitumbua katika karatasi. "Hamdani anasema chumba ni cha mfanyakazi. Mimi si mfanyakazi tena. Wewe meneja anakusikiliza. Hebu niombee."

"Nitaona, Mwamvita."

"Ukiona uniambie. Mimi nimebaki na macho tu."

Alisema kwa mzaha, na Eliakunda akacheka kwa adabu. Lakini vitumbua alivipeleka nyumbani bila kuvionja.

*

Wiki ile ile meneja alimwita ofisini. Nicolaus alikuwa kijana msafi, amesomea kilimo, hakutukana mtu wala kulewa. Kosa lake ni kwamba aliliona shamba kupitia dirisha la ofisi, na dirisha lilikuwa na pazia. Alikuwa anakunywa chai. Kiti cha wageni kilikuwepo, kimebeba mafaili, na hakukumbuka kuyaondoa. Eliakunda alisimama na kofia mkononi.

"Mzee Eliakunda, wewe ndiye mtu ninayekutegemea hapa. Jumatatu tunaongeza mizigo ya brashi. Dar wanapiga simu kila siku. Wanasema mashamba ya wenzetu yanatupita, na nisipotimiza, wataleta anayeweza."

"Ndiyo, Mzee."

"Watu watanung'unika. Wewe ukiitika kwa nguvu, watafuata. Nimeamua kukufanya mnyapara wa brashi. Na ile nyumba ya matofali yenye bomba mlangoni, ni yako."

Eliakunda aliitazama ile nyumba dirishani, pazia lilipopeperuka. Eva, binti yao, alikuwa akilala jikoni kwa kuwa chumba chao kilikuwa kimoja, na ameanza kuwa mkubwa. Alifungua mdomo aseme habari za Mwamvita. Kilichotoka ni, "Asante, Mzee."

*

Koleta alisikiliza akiwa anachambua maharage ya makande. Alipomaliza kusikia alikunja mkono wa blauzi na kuunyoosha mkono wake mbele ya mumewe. Kifundo kilikuwa na alama nyekundu kukizunguka, ngozi imechubuka na kupona na kuchubuka tena.

"Baba Eva, hii ni bangili uliyonivisha wewe."

"Mimi? Mimi si meneja, mama."

"Meneja anasema, wewe unaitika, mimi nafunga. Nani hapo hayumo?"

"Sasa nikatae? Wanifukuze, tukalale wapi? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mke wa anayesikia kila la mkuu huvunjika mkono," Koleta alisema, akarudi kwenye maharage yake. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ugomvi angeuweza.

*

Siku ya mapumziko Eliakunda alipanda kwao Mamba. Dada yake Raheli alikuwa ametuma salamu kwamba ndiva ya ukoo, lile bwawa la kuhifadhi maji ya kumwagilia, imejaa tope, na pembe ya msaragambo itapigwa. Alidandia lori mpaka chini ya mlima, kisha akapanda kwa miguu kati ya mashamba ya tangawizi. Kila kona aligeuka kutazama chini. Tambarare ilikuwa imelala na mikonge yake kwa mistari, imechanwa vizuri, na kiwanda kilionekana kidogo kama kiberiti. Alistaajabu kwamba kitu kidogo hivyo kilimtisha kiasi kile.

Pembe ilipolia watu walitoka kila upande na majembe, wake kwa waume, hata mwalimu mkuu akiwa amepandisha suruali magotini. Safari hii mwita kazi alikuwa Raheli mwenyewe. Alisimama ukingoni mwa ndiva, gauni limefungwa kiunoni, akataja kazi: tope lote litoke leo, mpaka udongo mgumu. Watu walinyamaza. Eliakunda, kwa mazoea ya miaka, akavuta pumzi.

"Tumeitika!"

Umati ukaangua kicheko. Raheli alimtazama kaka yake kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni aliyenawa mikono chakula hakijaiva.

"Mkonge umekula akili yako, kaka? Unaitika nini na mimi bado nimekauka?"

Kisha akaingia. Tope lilimfika mapajani. Akazamisha jembe, akalitoa limejaa, akamwaga ukingoni, akazamisha tena. Alifanya kazi mbele ya watu wote mpaka pumzi ikawa inasikika, na hakuna aliyemharakisha. Halafu akasema, akihema, "Chini kuna mawe. Leo mpaka udongo mgumu hatufiki. Tutoe nusu, nyingine wiki ijayo. Mnaitika?"

Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa mwitikiaji wa kijiji alipojibu, na watu wote wakaporomoka ndani ya tope kwa kelele na nyimbo.

Eliakunda alichimba nao, lakini akili yake ilikuwa imesimama pale pale. Alijua desturi hii tangu utoto. Ilitowekaje machoni pake? Huko chini walikuwa wamebeba neno na kuacha tope. Kumbe kuitika hakukuwa kukubali. Kulikuwa ni kushuhudia kwamba aliyeita ameushika mzigo, ameujua uzito wake, na ndipo anaomba wenzake.

Jioni walizibua mlango wa ndiva. Maji yaliyokusanyika yalitoka kwanza kwa kunong'ona, kisha yakapata sauti, yakashika mfereji mkuu, yakagawanyika kwenye vijito vya shamba la huyu na la yule, kila mmoja kwa zamu yake, bila askari wala karani. Eliakunda alikuwa ameyaona maji hayo maisha yake yote. Siku hiyo alivua kofia.

*

Jumatatu uwanja ulijaa kuliko kawaida. Habari zilikuwa zimevuja, na meneja mwenyewe alikuja, shati jeupe, akasimama kando ya Hamdani. Hamdani alitangaza mizigo mipya ya brashi. Mnong'ono ulipita upande wa wanawake. Kisha macho yote yakamgeukia Eliakunda.

Eliakunda hakusema kitu.

Mtu akikohoa ungemsikia mpaka lango kuu. Kule kwenye uzio, Mwamvita aliacha kugeuza vitumbua.

"Eliakunda," Hamdani alisema. "Umelala?"

"Sijalala, mnyapara. Nimesikia." Alivua kofia, akamgeukia meneja. "Mzee, ingawa u mdogo kwangu, cheo chako nakijua, na heshima yako sijaishusha. Mimi ni mwitikiaji. Kwetu mlimani, mwita kazi huingia kwanza yeye, aonje uzito wake mbele ya watu. Akitoka akasema inawezekana, tunaitika na hatunung'uniki. Nakuomba uingie brashi, ushike mzigo mmoja. Mmoja tu. Ukitoka, sema, na mimi nitaitika."

"Huu ni mgomo!" Hamdani alifoka.

"Si mgomo. Anayegoma huondoka. Mimi niko hapa."

Nicolaus aliwatazama watu. Angeweza kumfukuza pale pale, na wengi walisubiri hivyo. Lakini alikuwa mtoto wa mkulima, na mkulima huona haya kuogopa kazi mbele ya watu. Akacheka kidogo, akafungua vifungo vya mikono ya shati.

"Mzigo mmoja? Haya. Twendeni."

Chumba cha brashi kilijaa watu mpaka madirishani. Mapipa yaliwashwa, vumbi jeupe likapanda. Koleta alimkabidhi meneja kishungi cha kwanza na kumwonyesha namna ya kurusha. Kikamponyoka, kikampiga usoni. Wanawake walijizuia wasicheke, mmoja akashindwa. Cha pili kikaponyoka. Cha tatu alikiweza, akatabasamu, lakini jasho lilikwisha kulowesha viganja, na singa ilizidi kuteleza. Mzigo ulikuwa haujapungua kitu. Hamdani alikuwa anatazama. Watu wote walikuwa wanatazama.

Na hapo, bila kufundishwa na mtu, meneja alifanya walivyofanya wanawake wote wa chumba kile. Aliizungushia singa kwenye kifundo cha mkono, akavuta, ikakaa. Akarusha.

"Achia!" Koleta alipiga kelele.

Pipa lilikwisha kuidaka. Mkono wa Nicolaus ulivutwa mbele, bega likafuata, na uso wake ukawa wa mtoto mdogo. Koleta alimrukia, akampiga kumbo, kisu cha kukatia kamba alichokichomoa kiunoni kikapita kati ya kiganja na meno ya chuma. Wakati huo huo mkanda uliokuwa ukiendesha pipa ulichomoka kwa mlio mkali, na pipa likaanza kulegea, likazunguka taratibu, likasimama.

Meneja aliketi sakafuni amekumbatia mkono wake. Ulikuwa mzima. Kwenye kifundo tu, ngozi ilikuwa imechubuka pande zote, na damu inachungulia.

Koleta, kisu bado mkononi, aligeuka kutazama ni nani aliyeuchomoa mkanda. Kule ukutani, kwenye ile fimbo ya chuma ya kuchomolea mkanda, ambayo mafundi huiita mkono wa mkanda, alisimama mumewe. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Ndipo Koleta alipokumbuka kwamba walipoingia tu, watu wote waliposogea kumtazama meneja, Eliakunda alikuwa amekwenda moja kwa moja kule. Hakuwa amesogea tena. Alijua meneja atafunga bangili, kwa kuwa mzigo ule haumaliziki bila bangili, na aliyemwongoza mpaka mdomoni mwa hatari alikuwa ameshika njia ya kumtoa.

Koleta aliishi na mtu yule tangu ujana, amemfulia, amemzalia, na amemdharau kidogo bila kumwambia. Akamtazama kana kwamba ndiyo anatambulishwa kwake.

"Bangili," Nicolaus alisema polepole, akitazama kifundo chake. Alikuwa amelisikia neno hilo ofisini, siku Mwamvita alipopoteza mkono. Macho yake yakapanda hadi kwenye maandishi mekundu ukutani, yakakaa hapo kwa muda mrefu. "Mimi mwenyewe ndiye niliyeagiza yapakwe rangi upya."

Koleta alirudisha kisu kiunoni, akampa kitambaa cha kufuta damu.

*

Kesho yake asubuhi alikuja uwanjani na bendeji. Hamdani alikuwa amenuna pembeni. Nyumba ya matofali ilikwisha kupata mtu mwingine, mpwa wa Hamdani, na cheo cha mnyapara wa brashi hakikutajwa tena, wala Eliakunda hakukiulizia.

Meneja alitangaza kazi mwenyewe. Mizigo ya brashi inarudi ilivyokuwa kabla yeye hajaja.

"Na Dar?" Hamdani aliuliza kwa sauti ya wote kusikia.

"Dar nitawapigia mimi. Na mimi nina wa kumwitikia, mnyapara. Nimekuwa nikiitika kabla hawajashika chochote." Ilionekana wazi kwamba anaiogopa simu ile kuliko alivyoliogopa pipa. "Wanaweza kunitoa. Mpaka hapo, kazi ni hiyo. Mnaitika?"

Kwa mazoea, watu walimtazama Eliakunda. Yeye alikuwa amegeuka. Alikuwa amewatazama wanawake wa brashi, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri zamu ya maji. Ilichukua muda kabla hawajaelewa kwamba wanasubiriwa wao.

Koleta alisogea mbele hatua moja. "Bado, Meneja."

Hamdani alishika kichwa.

"Jana ule mkono wa mkanda ulikuwa na mtu. Siku nyingine zote hauna. Anatakiwa mtu wa kuushika kutwa, asiyefanya kingine, mwenye macho." Koleta aliinua mkono wake wa kushoto. "Ni kazi ya mkono mmoja."

Hakutaja jina. Vichwa viligeuka vyenyewe, safu baada ya safu, mpaka kule kwenye uzio, ambako Mwamvita alisimama na kijiti cha kugeuzia vitumbua na mafuta yanaungua. Nicolaus alimtazama. Akautazama mkono wake wenye bendeji, kisha ile nafasi iliyo tupu chini ya mkono wa gauni la Mwamvita, na uso ulimbadilika.

"Aingie leo," alisema. "Na chumba ni chake. Mnaitika?"

Wanawake wa brashi walivuta pumzi kwa pamoja. Eliakunda alikuwa ametamka neno lile asubuhi nyingi kupita kiasi cha kukumbuka, lakini hakuwahi kusimama upande wa kulisikia. Liliponguruma kutoka vifuani mwao, njiwa wa bati la kiwanda waliruka wote, na kule kwenye uzio Mwamvita aliweka chini kijiti chake, akajifuta mafuta kwenye kanga, akaanza kutembea kuelekea langoni.

King'ora kilichelewa kulia. Mwenye kukipiga alikuwa amesahau.